Homa ya Remedios

Atok, 21 Februari 1988

Manong Sebio,

Bahasha hii sijui itakukuta bahari gani, ila popote ulipo, nakuuliza hali yako kabla ya yote. Sisi huku wazima. Baridi ya alfajiri imeunguza kabichi nusu ya shamba, lakini viazi vimesalimika. Shangazi Kurdapya bado anagombana na jirani kuhusu yule nguruwe. Nguruwe mwenyewe ameshachinjwa na kuliwa harusini, na wao wanaendelea kugombana vilevile. Tatang anakusalimu. Miguu inamsumbua kidogo, kwa hiyo baba yetu anapumzika.

Kwa sababu hiyo jipni, gari letu la abiria, naiendesha mimi tangu Januari. Najua umekunja uso. Ukunjue, usome.

Remedios ana homa, Manong. Kumbe kuliita gari kwa jina la marehemu Nanang, mama mzazi, kuna taabu yake: juzi nilipiga kelele sokoni kwamba Remedios anatoa moshi nyuma, padri akageuka na kufanya ishara ya msalaba. Sasa sikiliza dalili. Asubuhi nikimwasha, mshale wa geji ya joto umelala chini kwenye ile herufi C. Tukifika Acop umeshanyanyuka. Tukianza kupanda kilima cha Cattubo unafika katikati kabisa, nusu ya safari kuelekea H. Na H najua ni nini, hata mtoto anajua, imepakwa rangi nyekundu.

Basi ukifika katikati nasimama. Nafungua boneti, abiria wanashuka, tunamwacha apumue mpaka mshale ushuke. Halafu tunapanda kona mbili, unafika tena katikati, nasimama tena. Mboga zinafika zimenyauka, na abiria wameanza kunikimbia. Wale madereva wengine wamenipa jina. Wananiita Nesi. Wakinipita njiani wanatoa vichwa dirishani: "Nesi, umempima presha?" "Nesi, mchome sindano!" Mimi najitia hamnazo, lakini uso unaniwaka.

Hilo la jina ningelivumilia. Lakini Apo Kustodio, mzee wetu na mwenyekiti wa chama cha madereva, aliniita kituoni mbele ya watu. Akasema, "Mingay, zamu ya baba yako hapa ni ya gari linalofika. Wewe unauguza. Nakupa mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi. Siku hiyo upande na abiria mpaka kileleni. Ukisimama njiani hata mara moja, zamu anachukua mpwa wangu Rudolfo."

Unajua maana yake. Bila zamu kituoni hakuna abiria, na bila abiria Remedios atageuka banda la kuku. Zamu ile Tatang aliipata mimi sijazaliwa. Siitaki iende kwa Rudolfo, ambaye hata kurudi nyuma anahitaji watu watatu wa kumwelekeza. Nasema wazi: naitaka mimi. Wewe unashinda katikati ya mageji ya meli. Nieleze, homa hii inatibiwaje?

Mdogo wako,
Dominga

Santos, 14 Aprili 1988

Ading Mingay,

Barua yako imezunguka bandari tatu ikinitafuta, imenikuta huku Brazili imelowa pembeni. Nami nawasalimu wote, na shangazi mwambie ahurumie hata roho ya nguruwe. Mimi mzima. Mpishi wetu mpya ametoka Iloilo na anatia sukari kwenye kila kitu, hata samaki. Jana niliota viazi vitamu vya kuchemsha na nyama ya chumvi ya nyumbani, nikaamka natafuna shuka.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba unasimama mshale ukifika katikati, nilicheka mpaka fundi mwenzangu akadhani nimepata habari ya msiba na kuchanganyikiwa. Ading, ile si homa! Ile ndiyo afya yake!

Wewe ukipimwa ukakutwa na nyuzi thelathini na saba, kuna mtu anakukimbiza hospitali? Injini nayo ina joto lake la kuishi. Kwa dizeli kama ya Remedios ni kuanzia nyuzi themanini na kidogo mpaka tisini na tano hivi. Ikiwa humo, mafuta yanaungua vizuri, oili inateleza, vyuma vinashikana kama vilivyokusudiwa. Aliyetengeneza geji aliliweka joto hilo katikati, au chini ya katikati kidogo, ili dereva akitupa jicho ajue mambo ni shwari. Asubuhi mshale uko chini kwa sababu injini imelala. Ukipanda ukatulia katikati, maana yake imeamka.

Fanya hivi: kariri mahali mshale unapopenda kukaa. Kilimani na mzigo utapanda kidogo, mteremkoni utashuka kidogo, usishtuke. Ukiuona umehama pale, unakwenda juu na haurudi, hapo ndipo usimame, kabla haujagusa wekundu. Na ukisimama, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Maji ya moto yatakurukia usoni.

Kwa hiyo aliyekuwa anasimamisha gari ni hofu yako. Joto halina kosa.

Jambo moja sikulielewa. Unasema jipni unaiendesha wewe. Bila shaka una maana unakaa pembeni ya Tatang unamsaidia. Barabara ile upande mmoja ni mlima na upande mwingine ni mawingu. Na kwa nini unaniuliza mimi niliye Brazili? Tatang ndiye aliyenifundisha kusoma geji nikiwa sijaota ndevu. Mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake.

Kaka yako,
Eusebio

Atok, 19 Juni 1988

Manong Sebio,

Natumaini sukari ya mpishi haijakuua. Huku mvua imeanza, barabara ni uji. Binti wa shangazi amejifungua wa kiume, wamempa jina lako, kwa hiyo andaa zawadi. Tatang anakusalimu sana. Mstari wake utakuja, mkono umemwuma.

Kwanza nikushukuru, kisha nikugombeze.

Nilifanya ulivyosema. Mshale ulipofika katikati nilipiga moyo konde, nikakaza macho barabarani, nikapita kona ya kwanza ninaposimama siku zote, nikapita ya pili. Abiria wakaanza kunong'ona. Kona ya tatu shangazi Kurdapya akaanza kupiga makofi, gari zima likafuata, na walio juu ya paa wakapiga bati kwa ngumi. Mshale umetulia katikati kama mtu aliyekaa kwake. Nikasema moyoni, Manong, Mungu akubariki.

Tumebakiza kona mbili kufika kileleni, nikasikia ngurumo chini ya boneti, kama sufuria inayofoka. Mvuke ukapanda, kioo chote kikawa cheupe, maji ya moto yakamwagika barabarani. Nikatazama geji. Manong, naapa kwa kaburi la Nanang, mshale ulikuwa katikati. Haukuwa umesogea hata upana wa unywele.

Madereva wakasimama kuja kutazama, kama mazishi. "Nesi, mgonjwa amekata roho!" Rudolfo akaja mbio na ndoo ya maji ya kijito, yale ya kuvunja meno, anataka kuyamwaga juu ya injini. Nikasimama mbele ya boneti nikatanua mikono. "Usimwage! Utamtia pasma!" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Apo Kustodio akasema, "Gari lipate pasma? Kesho utalikanda tumbo?" Lakini wewe unajua tulivyolelewa. Ukitoka kupiga pasi, mikono ingali moto, hugusi maji baridi, ama sivyo pasma itaingia mishipani na utatetemeka uzeeni. Nikaona kama mkono wa nyama haustahimili, chuma kilichoiva kitastahimilije? Nilisubiri mpaka kikapoa chenyewe, nikatia maji yaliyoota jua kwenye dumu. Aliwaka.

Fundi mmoja wa La Trinidad akaniambia dawa ni kuitoa themostati, ile vali inayoyazuia maji mpaka injini ipate moto. "Hiyo ni ya nchi za theluji, dada." Akaitoa, akaitupa kwenye kopo la misumari. Tangu siku hiyo mshale unalala kwenye C mchana kutwa. Nilifurahi kwa wiki moja. Sasa Remedios anakohoa, anatoa moshi, hana nguvu kilimani, anakunywa dizeli kama mlevi wa sikukuu. Na juzi, kwa mzigo mzito, kona ileile, mshale ulipanda tena katikati, akafoka.

Wewe ulisema katikati ni afya. Mbona amefoka akiwa na afya? Nijibu upesi, Novemba haiko mbali. Nakatisha hapa, supu ya Tatang inapoa, inabidi ~~nimlishe~~ nimpe.

Dominga

Yokohama, 2 Agosti 1988

Ading,

Salamu kwa wote. Mtoto aliyepewa jina langu atapata saa ya mkononi, akijifunza kwanza kutoila.

Kuhusu pasma, ulifanya sawasawa kabisa, ingawa si kwa sababu ya mishipa. Maji baridi juu ya injini iliyochemsha yangepasua hedi, kile kichwa cha injini, na Remedios leo angekuwa chuma chakavu. Wacheke tu.

Kuhusu themostati, rudi kwa huyo fundi, mwinamishe kwenye kopo lake la misumari mpaka aipate. Injini yenye baridi ni mgonjwa vilevile. Mshale kulala kwenye C siku nzima si jambo la kufurahia. Moshi na kikohozi vinatoka hapo.

Kuhusu kufoka mshale ukiwa katikati, jibu ni moja: geji inakudanganya. Maji hayachemki kwenye nyuzi tisini. Nimekaa chumba cha injini miaka kumi na moja, nakwambia hayachemki. Badilisha kile kidude cha kwenye injini kinachopeleka habari kwa mshale. Kama haikusaidia, basi acha. Mwachie Rudolfo zamu. Ile si barabara ya kwenda na geji usiyoiamini, tena mtoto wa kike peke yako. Nitawatunza, hamtalala njaa.

Sasa jambo lingine. Uliandika "nimlishe", ukalikata, ukaandika "nimpe". Wino wako bado unasomeka. Na mstari wa Tatang sijauona. Mingay, kuna nini nyumbani?

Eusebio

Atok, 11 Septemba 1988

Manong wangu,

Leo sina habari za nguruwe. Nitakuambia lile nililolizunguka tangu Februari.

Tatang alianguka mwezi wa Januari, shambani, akiwa ameshika jembe. Upande wa kulia umelala, na ulimi umelala nao. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, akikasirika anarusha kijiko kwa mkono wa kushoto. Nilipotaka kukuandikia alininyang'anya kalamu akaivunja. Anajua ungeacha meli ukarudi, na anajua ulivyohangaika kuipata. Nikamtii. Sasa simtii tena, kwa sababu wewe ni mwanawe na una haki ya kulia kama mimi. Hali yake si mbaya kuliko ilivyokuwa. Anatembea mpaka mlangoni kwa fimbo. Nisamehe au usinisamehe, lakini ndiyo hivyo.

Kwa hiyo hakuna aliyekaa pembeni yangu garini. Niko peke yangu kwenye usukani, kila siku, mvua na ukungu. Hilo nalo ulijue.

Sasa nikuambie jambo ambalo litakufanya usahau kunikasirikia.

Themostati nimeirudisha. Kikohozi kimeisha, nguvu zimerudi, nilikushukuru kwa sauti. Kile kidude cha geji nilikibadilisha pia. Remedios akafoka tena, kona ileile, mshale katikati. Nikakaa kwenye jiwe nikalia, Manong, abiria wananitazama. Nilikuwa nimeshakubali kumwachia Rudolfo.

Wiki hiyohiyo nikapata mzigo wa kabichi wa kupeleka pwani, San Fernando. Kule joto la kuchemsha ubongo, gari limejaa mpaka paa. Mshale ukapanda ukapita katikati. Nikangoja afoke. Hakufoka! Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa. Chini kwenye joto, mshale juu, anatulia. Juu kwenye baridi, mshale katikati, anafoka. Nikajiuliza, geji gani inayodanganya mlimani na kusema kweli pwani?

Jioni nikampikia Tatang maharagwe. Nilikuwa na haraka, nikasahau lile jiwe. Unalikumbuka jiwe la Nanang, lile jeusi la mtoni, la kukandamiza kifuniko cha chungu? Nikampakulia. Akatafuna moja, likalia kama kokoto, akarusha kijiko kikanipata sikioni. Nikakumbuka Nanang alivyokuwa akisema: huku kwetu maji yana haraka ya kuchemka lakini hayana moto wa kuivisha, ndiyo maana unayawekea jiwe, yabanwe. Na tulipokwenda kwa mjomba pwani, alipika maharagwe bila jiwe na yakaiva, tukashangaa.

Nikasimama na mwiko mkononi. Manong, maji ya rejeta ni maji. Huku juu yanachemka upesi, kabla hayajapata moto wenyewe. Geji ilisema kweli siku zote! Joto lilikuwa la kawaida, ila maji yamepandishwa mlimani yakabadilika tabia. Na jiwe la Remedios liko wapi?

Nikatoka na taa mpaka kwenye gari. Nikafungua kifuniko cha rejeta, injini ilikuwa baridi, usiogope. Chini yake kuna springi na kizibo cha mpira. Nikabonyeza springi kwa kidole gumba, ikaingia kama napapasa sifongo. Mpira umekauka, umepasuka kama kisigino. Kifuniko kile kilikuwa kinafunika tu, hakibani. Tatang alikuwa ananitazama kutoka dirishani. Nilimwinulia kifuniko, nikaweka lile jiwe la maharagwe juu ya rejeta. Manong, alicheka. Mdomo umekwenda upande, mate yanamtoka, lakini alicheka, mara ya kwanza tangu Januari.

Baguio vifuniko vipya vinavyouzwa vinafanana na chetu kwa sura tu, springi zake hazisukumi. Nimekipata kimoja kwenye duka la vyuma vikuukuu, cha gari la jeshi, springi yake inagoma kama nyumbu. Sijakijaribu bado na mzigo wa sikukuu. Unaonaje, nimekosea?

Simwachii Rudolfo.

Dominga

Rotterdam, 15 Oktoba 1988

Ading wangu,

Nimeisoma barua yako nyuma ya boila, mahali pekee humu melini ambapo mtu anaweza kulia na watu wakadhani ni jasho. Mpe Tatang kijiko kingine akurushie, cha kwangu. Sijakukasirikia. Nimekasirikia maji yote haya yaliyo kati yetu. Nimeomba kurudi, nahodha amenikubalia Desemba, si mapema kuliko hapo.

Kuhusu kifuniko: hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea kwa kiburi cha miaka kumi na moja. Nilimpelekea fundi mkuu habari ya maharagwe yako. Aliita wenzake waje wasikie. Akaniambia kileleni kwenu maji yakiachwa wazi yanachemka kwenye nyuzi tisini na mbili hivi, au tisini na tatu. Yaani palepale penye afya ya injini! Kifuniko kizima kikibana, yanavumilia mpaka mia na kumi na zaidi, na mshale unapata nafasi ya kupanda na kushuka bila balaa.

Mimi ningelijuaje? Chumba cha injini kiko chini ya usawa wa bahari, Mingay. Kazi yangu yote naifanya chini ya maji, na wewe yako unaifanya juu ya mawingu. Nilikuwa nakufundisha mlima kutoka shimoni.

Kagua na mipira ya rejeta, maana sasa itabanwa kuliko ilivyozoea, na penye ufa patapasuka. Fenibelti nayo iwe imekaza. Tia maji masafi, jaza mpaka juu. Kilimani tumia gia ndogo, usimlazimishe. Na Tatang, kama anaweza kukaa, mkalishe kiti cha mbele siku hiyo.

Sijui kama barua hii itakuwahi.

Kaka yako,
Eusebio

Atok, 3 Novemba 1988

Manong! Manong!

Barua yako haikuniwahi, imefika leo asubuhi. Nimeisoma nikacheka, kwa sababu mipira nilishakagua, mmoja niliubadilisha, na Tatang nilishamkalisha mbele. Kaa vizuri sasa nikupe habari, na usiruke hata mstari.

Siku ya Watakatifu Wote Baguio, mjini tunakopakia abiria, ilikuwa haitoshi watu. Kila mtu anakwenda kuwashia wafu wake mishumaa. Nilipakia mpaka ngazi ya nyuma: maua ya makaburini, mishumaa, kuku hai, shangazi Kurdapya na sinia la mikate ya mchele, na jirani yake wa ugomvi, aliyebanwa magotini pa shangazi kwa kukosa nafasi. Juu ya paa vijana na magunia. Tatang kiti cha mbele, amevaa koti lake la harusi.

Apo Kustodio akanijia dirishani. "Mimi natangulia na Rudolfo. Nitakungoja juu. Hata mara moja, Mingay." Nikamwambia, "Apo, uniagizie kahawa, nisije nikaikuta imepoa." Kituo kizima kikapiga mbinja.

Tukaondoka. Acop, mshale umeamka. Tulipoanza kilima ukungu ukashuka, taa nikawasha, gia ndogo. Mshale ukapanda mpaka mahali pake, chini ya katikati kwa upana wa kucha. Ukatulia. Tatang akanyoosha kidole cha kushoto akakiweka juu ya kioo cha geji, palepale, akakiacha hapo. Abiria wa nyuma wakanyoosha shingo kuitazama geji. Hata kuku walinyoosha.

Kona ninayoijua ikakaribia. Mzigo ukamwelemea, mshale ukajongea ukapita katikati kidogo. Nikasikiliza ngurumo, nikasikia injini tu. Tukaingia kwenye kona, na nini kile mbele yetu katikati ya wingu? Wingu jingine! Gari la Rudolfo, boneti juu, linafoka mvuke kama kiwanda. Abiria wake wamejipanga pembeni na maua yao. Apo Kustodio amevua kofia anapepea rejeta kwa kofia. Na Rudolfo, Manong, Rudolfo anakuja kutoka kijitoni na ndoo.

Nikajua anachotaka kufanya. Mguu wangu ulikwenda wenyewe kwenye breki. Nikisimama, nimepoteza zamu. Nisiposimama, injini ya mwenzangu inapasuka mbele ya macho yangu. Nikamtazama Tatang. Akaondoa kidole kwenye geji akakielekeza mbele: twende. Nikatoa kichwa nje nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Rudolfo! Pasma!"

Walio juu ya paa wakadaka. "Pasma! Pasma!" Shangazi akadaka, jirani yake akadaka, gari zima likawa linaimba pasma kama kanisa. Wale abiria wake waliosimama pembeni nao wakaanza, bibi mmoja akamshika Rudolfo mkono wa shati. Ndoo ikabaki hewani. Maji yakamwagikia viatuni mwake, na sisi tukapita taratibu bila kusimama.

Kona ya mwisho. Kileleni. Manong, nilipiga honi mpaka mbwa wa Cattubo wakatoka. Watu wanarukaruka barabarani, shangazi amemkumbatia adui yake, mikate imesagika. Mshale ulianza kurudi chini ya katikati, pole kabisa. Tatang akagonga dashibodi kwa kiganja cha kushoto mara mbili, alivyokuwa akigonga zamani akifika juu. Akaweka tena kidole juu ya geji, akasema, "Hapo."

Alisema neno, Manong. Halikuwa wazi sana, lakini sote tulilisikia. "Hapo. Hapo." Nikaangusha kichwa kwenye usukani nikalia kama mtoto, na sioni haya.

Abiria waliposhuka, niliomba birika la maji ya uvuguvugu kwa mwenye mgahawa, nikageuza gari nikashuka. Apo Kustodio aliponiona aliacha kupepea. Halafu akasogea pembeni ya boneti akasema, "Nesi, mgonjwa huyu hapa." Hakuwa ananidhihaki. Nikatazama: kifuniko chake kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tulingoja mpaka kikashikika kwa mkono mtupu, nikafungua taratibu, nikamtilia maji kidogo kidogo, injini inazunguka polepole. Hedi ilikuwa nzima. Rudolfo akawa ananishikia birika, viatu vinatoa maji.

Apo Kustodio akavaa kofia yake iliyoloana. "Zamu ni yako," akasema mbele ya wote. "Lakini jina hatukuondolei." Nikamwambia, "Msiliondoe." Jana nimempa mchoraji kazi. Nyuma ya Remedios, kwa herufi nyekundu, imeandikwa NESI. Na leo asubuhi madereva sita waliniletea vifuniko vyao nivibonyeze springi. Vinne nimevikataa.

Sasa nina jambo moja. Katika barua zako zote umeniita Ading, mdogo wako, umeniita mtoto wa kike. Kuna neno moja hujaniita hata mara moja. Unalijua.

Dominga

Singapore, 26 Novemba 1988

Kwa Dereva Dominga Palasi,
Jipni Remedios, kituo cha Atok.

Dereva,

Tazama bahasha, nimeliandika na pale nje kwa herufi kubwa, karani wa posta alisome, mpanda baiskeli wa barua alisome, na Apo Kustodio alisome likipita kituoni. Nimewasomea barua yako mabaharia wote chumba cha chakula. Mpishi wa Iloilo alilia kwenye supu, na kwa mara ya kwanza ikawa na chumvi. Sasa mtu yeyote humu akishika kitu cha moto na kukimbilia bomba la maji baridi, meli nzima inapiga kelele, pasma!

Nashuka Manila tarehe kumi na tisa Desemba, na usiku huohuo napanda basi la Baguio. Usimtume mtu mwingine kunipokea. Nitasimama kituoni kwenye foleni kama abiria yeyote, mpaka zamu yako ifike. Sitaki usukani, hata ukinibembeleza. Mwambie Tatang asogee kidogo pale mbele, tubanane, naye anionyeshe tena kwa kidole chake mahali mshale unapokaa.

Abiria wako,
Eusebio